Ng'ombe Walitajwa, Mama Yupo Tu

Siku tuliyomzika baba mdogo kule Gehandu, watu walilia vizuri. Mimi ni mfanyabiashara, kazi ya bidii naitofautisha na kazi ya kuonekana, na siku ile walilia kwa bidii. Kisha watu walewale, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, wakakaa kikao cha ukoo pembeni ya zizi na kumwambia mama mdogo, mke wa marehemu, kwamba shamba ni la ukoo.

"Na kwenu kupo," wakamalizia.

Kwao kupo wapi? Mwanamke ameolewa akiwa binti, amezeekea pale, amezika watoto wawili pale, leo anaambiwa kwao kupo. Alikotoka hata nyumba aliyozaliwa haipo tena. Lakini marehemu hakuacha wosia, hakuacha hati ya shamba, hakuacha karatasi yoyote yenye jina la mke wake zaidi ya cheti cha ndoa cha kanisani, na hicho kilikuwa kimeliwa na mchwa.

Baba yangu alikuwa mkubwa kuliko wote kwenye kikao kile. Neno lake lingetosha. Alikaa nalo mdomoni kama mtu mwenye tumbaku, na hakulitema. Sijamsamehe kwa hilo, na naliandika hapa nikijua atasomewa.

Mama mdogo aliondoka na sufuria, mablanketi, na kuku mmoja aliyetusumbua kumkamata kwa sababu yeye hakuwa ameambiwa kwamba pale si kwao. Nilibeba sufuria. Tulipofika barabarani akaniuliza, bila machozi, kama mtu anayeuliza bei:

"Na mama yako je? Baba yako amemwandika wapi?"

Nikaihamishia sufuria mkono wa pili.

Nauza vitunguu saumu Dongobesh. Nanunua kwa wakulima, nahesabu magunia yakiwa chini, yakishapakiwa nayahesabu tena. Wapakiaji wananicheka. Waache wacheke, bado sijapoteza gunia. Sasa mtu wa namna hiyo, anayehesabu kila kitu mara mbili, ndiye aliyekuwa hajawahi kuhesabu mama yake anasimama wapi siku baba asipokuwepo. Hasira niliyokuwa nayo juu ya watu wa Gehandu ikageuka njiani ikanitazama mimi. Sikuipenda.

Jumapili baada ya misa nikapanda kwetu Bashay.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na sura ya kudai."

"Nimekuja kuongea habari za karatasi. Shamba liandikwe, na wosia uandikwe."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, anaota jua. Mwaka ule presha ilikuwa imemwangusha zizini mara moja, akaokotwa na jirani, na tangu siku hiyo hatukuruhusiwa kulitaja jambo hilo.

"Nani kakwambia nakufa?"

"Hakuna. Na baba mdogo hakuna aliyemwambia."

"Nikigawa vitu leo, kuanzia kesho mtakuwa mnanitazama kama abiria anayechelewesha gari. Kila asubuhi: bado yupo? Bado yupo."

"Baba, sijasema ugawe. Nimesema uandike mama anabaki wapi."

Akacheka. Alicheka kweli, kama nimemtolea kichekesho. "Mama yako? Si huyo hapo?"

Na kweli alikuwa hapo, anamimina chai ya maziwa. Hakuinua macho.

Wiki iliyofuata kaka mkubwa akaja kutoka Babati, ambako anafanya kazi serikalini. Habari zilikuwa zimemfikia. Alikuja na karatasi iliyochapwa tayari, ndani ya bahasha ya plastiki, na kisahani cha wino wa kutilia dole gumba. Alikuja na wino wake mwenyewe! Mtu aliyeshindwa kuja na kilo ya sukari alikumbuka wino.

"Mmehangaika bure," akasema. "Mimi nimeshamaliza kazi. Hii inaitwa hati ya uwakilishi. Baba anaweka dole hapa, basi. Inatosha kila kitu, hata akiondoka."

Baba hajui kusoma, lakini anamwamini mtu aliyevaa koti. Kabla sijakaa vizuri dole lake lilikuwa limeshazama kwenye wino. Nikaichukua karatasi. Mimi karatasi naianza chini, kwa sababu chini ndiko watu wanakoficha. Chini iliandikwa kwamba mwanawe mkubwa anapewa mamlaka ya kusimamia, kukodisha, kuweka rehani na kuuza mali yote, bila kizuizi. Juu kidogo, tena: kuuza.

"Mama ameandikwa wapi?"

"Mama ataandikwaje kwenye karatasi ya baba?"

"Neno kuuza limeandikwa mara mbili. Nimelihesabu."

"Wewe muuza vitunguu, sheria umesomea gulio gani?"

"La Dongobesh. Pale ukiniharakisha namna hii, namwaga gunia chini nitafute mawe."

"Dada, unanitukana mbele ya baba."

"Bado. Nikianza utajua."

Baba alikuwa amekaa na dole hewani, jeusi, hajui aliweke wapi. Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akamtazama kaka. Ndipo mama akasogea, akalishika lile dole kama unavyoshika la mtoto aliyechovya kwenye masizi, akalifuta kwa pindo la kanga yake. Akalifuta mpaka kwenye ukucha.

"Chai itapoa," akasema.

Kaka aliondoka na karatasi yake bila alama. Doa la wino halikutoka kwenye kanga ile. Mama ameifua na kuifua.

Huko Dongobesh kuna msaidizi wa sheria, dada mmoja mzaliwa wa Tanga, anayevaa sweta mbili juu ya baibui na bado analalamika baridi. Ni mteja wangu. Nikamweleza yote nikimpimia vitunguu, na kwa hasira nikamzidishia, jambo lisilo kawaida yangu. Akanieleza bila kuzunguka. Ile karatasi ya kaka inafanya kazi mwenye mali akiwa hai tu. Siku anapokufa nayo imekufa, unaweza kufungia maandazi. Kwa hiyo kaka ama alikuwa hajui, ama alitaka kumaliza kazi yake kabla ya siku hiyo. Sijui lipi baya zaidi. Kinachotakiwa, akasema, ni hati ya hakimiliki ya kimila kutoka kijijini, ili shamba lijulikane ni la nani, kisha wosia, kisha hiyo ya uwakilishi, lakini yenye mipaka, ya siku baba atakapougua asiweze kusimama.

"Na hati ya shamba inaweza kuandikwa majina mawili," akasema. "Mume na mke. Sheria inaruhusu kabisa. Wengi hawaombi tu."

Nilifikiri baba atakataa. Akakubali! Nikafurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, mpaka alipotoa sababu. Jirani wa upande wa bonde alikuwa anasogeza ua wake wa minyaa. Kila msimu wa mvua minyaa ile inaamka imevuka kidogo. Baba alitaka hati ili aikomeshe minyaa. Mambo ya kikao cha Gehandu hayakumgusa, presha haikumgusa, mke wake hakumgusa. Minyaa ilimgusa.

Sawa. Biashara ni biashara. Nikamleta msaidizi wa sheria Bashay.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa msomaji asiye wa huku. Kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote nyumbani kwake. Anawawekesha. Mmoja anapelekwa kwa rafiki ng'ambo ya bonde, mwingine kwa mtu waliyebatizwa naye pamoja. Anayemtunza anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, si wote wanaokufa. Na ndugu wakija kuomba, wanaona zizi lenye ng'ombe wawili waliokonda, wanarudi na huruma. Idadi kamili anaijua mwenyewe peke yake. Kumuuliza mzee ana ng'ombe wangapi ni kama kumwambia avue shati.

Sasa fikiria mzee huyo anaambiwa awataje wote mbele ya dada wa Tanga mwenye kalamu. Na kwa kuwa hajui kusoma, anaambiwa lazima wawepo mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo.

"Wanne?" baba akashtuka. "Si bora nikatangaze kanisani?"

"Mzee, shahidi anashuhudia kwamba ni wewe, una akili zako timamu, na dole ni lako. Hawa ng'ombe tunaweza kuwaandika kwanza mimi na wewe, wao wakaitwa baadaye."

"Na huyu?" Alikuwa ananionyesha mimi.

"Huyu ni mwanao."

"Ndiyo maana nauliza."

Nikabaki, kwa sababu dada hakujua Kiiraqw na mama Kiswahili chake ni cha kusalimia. Baba akaanza. Na hapo ndipo nilipoona maajabu. Mzee anayesahau alikoweka fimbo aliwataja ng'ombe wale mmoja mmoja, rangi zao na pembe zao, mama zao na bibi zao. Yule mweusi mwenye doa jeupe kifuani yuko kwa fulani, alizaa mara ya mwisho wakati wa mavuno ya ngano, ndama wake jike aende kwa kijana mkubwa. Yule mwekundu aliyevunjika pembe aende kwa mdogo, kitindamimba. Sauti yake ililainika. Kwa mmoja, mzee wa siku nyingi, alisema, "Huyu asichinjwe. Amenizalia sana. Akae apumzike." Idadi sitaitaja hapa, baba bado yu hai. Lakini nilihesabu, kisha nikahesabu tena, na nilikuwa nimekosea kwa miaka yangu yote.

Dada akamaliza kuandika, akageuza ukurasa.

"Na mke wako, mzee?"

"Yeye yupo."

"Namaanisha, tumwandike vipi?"

"Umwandike nini? Yupo. Nyumba ni ya kitindamimba, shamba ni la wavulana, yeye atakaa kwa kitindamimba. Atamtunza."

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme, na yale niliyotaka kusema yangenifukuzisha pale nyumbani mpaka leo. Ng'ombe kikongwe ameandikiwa kupumzika! Mama yangu, aliyeuvunja mgongo wake kwenye shamba hilo, ameandikwa chini ya neno yupo.

Mama aliniwahi. Alikuwa ameketi karibu na mlango, anachambua maharage kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. Alisema kwa Kiiraqw, taratibu:

"Mwambie huyo binti nimesikia. Nimewekeshwa."

Baba akamgeukia. "Unasema nini wewe?"

"Nimewekeshwa kwa mtoto wangu wa mwisho. Nitampikia, nitachunga wanae, atanilisha. Vizuri. Lakini ng'ombe aliyewekeshwa ana mwenyewe. Akionewa, mwenyewe anakuja kumchukua. Wewe ukifa, mwenyewe wangu ni nani?"

Dada akanitazama nimtafsirie. Nikatafsiri neno kwa neno. Sikupunguza hata chembe, na baba aliyesikia mara ya kwanza kwa Kiiraqw akalazimika kusikia tena kwa Kiswahili.

Akasimama, akachukua fimbo, akatoka kwenda zizini. Tulimwona kupitia mlangoni amesimama kati ya ng'ombe wake wawili waliokonda wa maonyesho, ametupa mgongo. Dada wa Tanga akavuta sweta zake.

"Nimeharibu?" akaninong'oneza.

"Bado. Hii ni bei ya kwanza."

Baba aliporudi, aliongea na ukuta. "Andika apewe robo ya shamba. Ile ya juu, karibu na njia."

Mama akachambua maharage.

"Basi na ile ya katikati. Nusu."

Mama akatupa jiwe dogo nje ya mlango, likagonga bati la ndoo.

"Mwanamke, sema unachotaka! Mimi si mganga."

Maisha yangu yote nakula kwa kutaja bei. Naanza chini, napanda polepole, najifanya naondoka. Siku ile nilimtazama mama na kuelewa kwamba mimi ni mwanafunzi. Hakutaja bei kabisa. Akamuuliza msaidizi wa sheria, kupitia kwangu, swali moja tu: kwenye hiyo hati ya shamba, dole lake yeye linahitajika?

"Kama mke anayeishi hapo, lazima akubali," dada akajibu. "Kijiji kitamuuliza."

"Na nisipokubali?"

"Hapo itakwama."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, akatazama upande wa bonde, kule kwenye minyaa. Baba naye akatazama kule. Alikuwa ameitazama minyaa hiyo kila asubuhi, ikija.

"Andika majina mawili," akasema. "Shamba lote na nyumba. Nikitangulia mimi, liwe lake. Akitangulia yeye, langu. Wavulana watasubiri." Kisha akaniambia mimi, kwa sumu: "Umefurahi?"

"Hapana, baba," nikasema. "Ningefurahi kama usingehitaji minyaa."

Akageukia ukuta wake tena.

Mashahidi wakaja: wazee wawili wa ukoo, katekista, na mwalimu mstaafu. Wazee wa ukoo walikuwa walewale wa Gehandu, nami niliwaamkia shikamoo zao zote kikamilifu, nikawamiminia chai, nikafurahi kuwaona wakiweka madole chini ya jina la mwanamke. Mmoja akamnong'oneza baba, "Umelogwa?" Baba akasema, "Kunywa chai." Hati mpya ya uwakilishi ikapelekwa kwa wakili Mbulu mjini, mamlaka akapewa mama, na humo neno kuuza limeandikwa mara moja tu, na mbele yake: ng'ombe mmoja, kwa ajili ya matibabu. Nimehakikisha mwenyewe. Kaka alipiga simu akasema tumemdhalilisha mbele ya wafanyakazi wenzake. Nikamuuliza wenzake walijuaje. Akakata.

Kijiji kilipima, majirani wakasimama mipakani, minyaa ikarudishwa ilikotoka kwa aibu kubwa ya mwenye nayo. Kwa ajili ya picha za hati mama alishuka nami Dongobesh, mara yake ya kwanza kupigwa picha peke yake. Mpiga picha akamwambia atabasamu. Akamuuliza kwa nini.

Hati ilipotoka, niliifuata mwenyewe ofisini, nikasoma majina mawili, nikayasoma tena. Nilikuwa nimenunua jalada gumu lenye zipu, la kuzuia maji. Nilikwishapanga: lingekaa kwangu Dongobesh, kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, mbali na mchwa, mbali na kaka, mbali na kikao chochote cha ukoo. Nani mwingine angeitunza? Nani aliyepigana?

Nikamwonyesha mama. Alipitisha kidole kwenye picha yake. Jina hakuweza kulisoma, nikamwonyesha lilipo, akaligusa nalo.

"Sasa nipe nikuwekee," nikasema, nikafungua zipu.

"Hapana."

"Mama, hapa kuna mchwa. Kuna kaka. Mimi nina sanduku."

"Najua una sanduku."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Lakini ikikaa kwako, nitakuwa nimewekeshwa tena. Kwa mtu mzuri zaidi, basi."

Nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu niliyembebea mzigo. Nilimwambia maneno. Nilimwambia kwamba bila mimi yangemkuta ya mama mdogo, anakamata kuku barabarani. Nilimwambia yeye ni mkaidi kama mume wake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akachukua ile kanga yenye doa la wino, akaifungia hati, akainua debe la mbegu za maharage, akaiweka chini kabisa, akazirudisha mbegu juu yake konzi kwa konzi. Akafunika. Akakalia debe, akavuta ungo.

"Chai iko jikoni," akasema. "Mpelekee na baba yako."

Nikampelekea. Nikashuka Dongobesh na jalada langu tupu, nimekasirika njia nzima. Sasa naweka humo risiti za vitunguu.